Safari Isiyo ya Msiba

Hebu hesabu kwa vidole ni mara ngapi umelala nje ya nyumba yako katika miaka mitano iliyopita. Swali hili tumewauliza akina mama wengi. Wengine walikuwa kwenye benchi la kliniki wakisubiri kupimwa presha, wengine tulikuwa nao tukichambua mchele wa harusi, na majibu yao yanafanana mno. Nililala hospitali nilipojifungua. Nililala Misungwi tulipomzika baba mkwe. Nililala Bugando wiki mbili nikimuuguza mtoto. Nililala Geita kwenye mahari ya binti wa dada. Kila safari ilikuwa na kazi yake, na kila kazi ilikuwa ya mtu mwingine. Ni nadra kumpata mama aliyefunga begi akaondoka na mume wake kwa sababu tu wawili hao walitaka kukaa pamoja siku mbili, mahali ambapo masufuria si yao.

Sababu hazikosekani. Fedha hakuna, ada haijaisha, ng'ombe atakamuliwa na nani, mume mwenyewe hapendi kutembea. Lakini ukizifukua sana utakuta chini yake imelala moja kubwa kuliko zote: watu watasemaje? Hapa kwetu Kamanga, mume na mke wakionekana kivukoni asubuhi, wamevaa vizuri na wana begi moja, watu hawaulizi mnakwenda wapi. Huuliza nani amefariki. Ndivyo tulivyoulizwa sisi na baba watoto Ijumaa moja katikati ya Novemba 2024, mara mbili kabla kivuko hakijaondoka. Jirani mmoja alipoambiwa kwamba hakuna msiba wala mgonjwa, tunakwenda Ukerewe kupumzika, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Basi poleni."

Hatumlaumu. Kwetu mapumziko ya mwanamke huja na cheti cha daktari.

Tuliichagua Novemba kwa makusudi, na hapa tungependa kueleza kidogo, maana wengi hudhani kwamba mtu hutembea visiwani wakati wa sikukuu. Desemba Wakerewe walio Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko hurudi kwao kula Krismasi. Meli hujaa watu, magunia na kuku, na nyumba za wageni hujaa vilevile. Katikati ya mwaka shule zimefungwa, na upepo wa kusi hulichafua ziwa. Lakini vuli ni majira ya ukimya. Mvua hunyesha saa moja ikaacha, watu wako mashambani na majembe, wanafunzi wa kidato cha nne wako kwenye mitihani, na hakuna anayesafiri ila mwenye shida. Nansio tulipata chumba cha kuchagua, tena chenye dirisha linalotazama maji. Gharama yote ya watu wawili, yaani nauli, malazi na chakula, kwa siku tatu, haikufikia mchango wa harusi mbili na sare zake za vitenge. Wanaotuambia kwamba kutembea ni kwa matajiri, tunawaomba wapige hesabu ya vitenge vilivyomo kabatini.

Hata hivyo, kwetu sisi kulikuwa na sababu nyingine ya kutaka meli isiyo na watu wengi, na hiyo haikuwa ya fedha.

Nyumba nyingi za ufukweni mwa ziwa hili zina jambo moja ambalo halizungumzwi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama asubuhi ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Makaburi ya wengi wao yako Igoma. Mdogo wake baba watoto alikuwamo. Sisi hatukuwahi kumwona shemeji huyo, kwa kuwa tulifunga ndoa baadaye, na katika miaka yote ya ndoa yetu tuliambiwa habari zake mara moja tu, tena na mama mkwe. Mume wetu huvuka kwa kivuko cha Kamanga kwa sababu hana budi, na daima husimama karibu na ukingo, begi mkononi. Meli kubwa hakupanda tena. Alipokubali safari hii alitoa sharti moja: akiiona meli imejaa, tunarudi nyumbani bila maneno. Tulikubali. Tulipofika bandari ya Mwanza Kaskazini mchana ule, abiria walikuwa wachache kiasi kwamba mtu aliweza kulala kwenye benchi zima akanyoosha miguu. Alisimama akaitazama meli kwa muda mrefu, akahesabu majaketi ya kuokolea maisha kwa macho, kisha akapanda.

Tunaliandika hili kwa sababu hofu ya maji si ujinga, na mama asimcheke mume wala mtoto aliye nayo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya. Kilitengenezwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Watu walikuwa wakirudi makwao na mahindi, mifuko ya saruji na watoto mgongoni. Tangu mwaka 2020 Ukara inahudumiwa na kivuko kipya, kikubwa zaidi, lakini kanuni ya msafiri ni ileile: usipande siku ya gulio wala siku ya kuamkia sikukuu kama una hiari ya siku nyingine. Ukikuta chombo kimejaa, acha kiende. Mtu mwenye safari ya kupumzika hana haraka ya kumfanya ajibanze.

Msomaji wa Biblia atakuwa ameshakumbuka safari ya Mtume Paulo katika Matendo, sura ya 27. Siku ya Mfungo ilikuwa imekwisha kupita, yaani vuli ya huko imeingia, na Paulo akawaonya kwamba wakati wa kusafiri baharini umepita. Wenye meli hawakumsikia. Walikuwamo watu 276, na meli ikavunjika kwenye kisiwa cha Melita, ndicho Malta ya leo katika Bahari ya Mediterania, lakini wote walifika nchi kavu salama. Sisi jambo linalotuvutia zaidi ni lile linalofuata. Wenyeji wa kisiwa, ambao hawakuwa wakitazamia mgeni yeyote majira yale, waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Mkuu wa kisiwa akawakaribisha siku tatu, na baba yake alikuwa kitandani, ana homa na kuhara damu. Wageni wakakaa hapo miezi mitatu. Siku hizi watu wa Ulaya wanaojua kutembea huvizia visiwa hivyo hivyo katika vuli, makundi ya kiangazi yakishaondoka, kwa sababu ndipo mwenyeji anapopata nafasi ya kuketi na mgeni. Msimu wa watu wengi unahudumiwa tu. Msimu wa watu wachache unakaribishwa.

Na tulikaribishwa. Mama mwenye nyumba ya wageni alitutazama, akalitazama begi, akauliza kwa sauti ya chini kama tumekuja msibani. Ilikuwa mara ya tatu siku ile. Tulipomweleza alicheka sana, akaketi nasi barazani, na hakuondoka mpaka ugali wa udaga na sato walipoiva. Desemba, alisema, huwa hana hata dakika ya kuwauliza wageni majina yao.

Kwa wasioijua, Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, kina kilometa za mraba zipatazo 530, na kutoka Mwanza ni mwendo wa meli wa saa tatu na zaidi kidogo. Anayeogopa maji mengi aweza kupitia Bunda kwa barabara hadi Kisorya, akavuka mlango mwembamba wa maji kwenda Rugezi. Wazungu wa kwanza kulichora ziwa letu kwenye ramani walisikia jina la Ukerewe kabla hawajakiona kisiwa, hata wengine wakaliita ziwa lote kwa jina hilo. Ni nchi ya mawe makubwa yaliyobebana, mihogo, machungwa na miembe, na Novemba michungwa ilikuwa imeoshwa na mvua. Tulikodi baiskeli mbili. Ndiyo, mama mwenye umri wetu, kwenye baiskeli, na kilemba kichwani! Watoto walitukimbilia kwa kilometa nzima. Tulipita Bukindo, yalipokuwa makao ya watemi wa Wakerewe, tukapanda kilima cha Handebezyo kutazama ziwa. Ukara hatukufika. Tulikiona kwa mbali tu kisiwa kile cha wakulima hodari, ambao tangu zamani wamefuga ng'ombe zizini, wakawalisha kwa mkono na kurudisha kila tone la samadi shambani, kwa kuwa ardhi yao ni ndogo na watu wao ni wengi.

Lakini tulilolikuta bila kulitazamia ni mwezi.

Dagaa, kama mjuavyo, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi huvutwa mchangani. Sisi tulifika mbalamwezi ikiwa imejaa. Jioni ya Jumamosi tulitembea hadi mwaloni, mahali ambapo kwa kawaida akina mama huwa wameinama wakigeuza dagaa juani tangu alfajiri, tukawakuta wameketi wakisukana nywele. Waume zao walikuwa wakishona nyavu, wengine wamepakata watoto. Mama mmoja, aliyekuwa akisukwa, alituambia bila kugeuza kichwa, "Huku likizo huletwa na mwezi. Siku hizi kama kumi ndipo nyumba inapokuwa na baba." Mwenzake akadakia kwamba wengine hawataki baba akae nyumbani siku zote hizo, anakula mno. Wakacheka wote, na sisi tukacheka, lakini lile neno la kwanza lilibaki nasi.

Wavuvi hawakuupanga utaratibu huo. Umewekwa na mwezi, na hakuna jirani anayemwuliza mvuvi kwa nini leo hakwenda kazini. Sisi wa nchi kavu, wenye mishahara, mashamba na vikoba, hatuna mwezi wa kutufungia kazi. Kama hatukuufunga mlango wenyewe hakuna atakayetufungia, na miaka hupita hivyo. Watoto hukua, mdogo wa mwisho akaenda bweni, na siku moja mume na mke hujikuta mezani wawili tu, hawana la kuambiana isipokuwa luku imebaki uniti ngapi. Kliniki tumewaona wengi wa namna hiyo. Mama huja na kichwa kinachouma miezi sita, kila kipimo ni kizuri, na ukimwuliza nyumbani mnaongea nini, machozi humtoka kabla ya jibu.

Hatusemi kwamba kisiwa ni dawa. Wala hatukipambi. Wauguzi tunajua upande wa pili wa mialo: fedha inayopatikana usiku na kuisha asubuhi, pombe, maradhi ya zinaa na ya UKIMWI, mabinti wanaoacha shule. Tunajua pia ukimya huohuo tuliokwenda kuufurahia una bei kwa wenyeji. Mama mjamzito wa Ukerewe anayeshindikana pale Nansio huvushwa majini mpaka Mwanza, Sekou Toure au Bugando, na ziwa likichafuka hakuna anayeweza kuliamuru. Tulikaa na muuguzi mwenzetu mmoja Jumamosi mchana, akatueleza jinsi wanavyolitazama anga kabla ya kuandika rufaa. Mgeni anayesifu utulivu wa kisiwa akumbuke kwamba yeye ana tiketi ya kurudi.

Usiku ule wa Jumamosi tulikaa barazani, mwezi juu ya maji, hakuna taa hata moja ziwani. Tulikuwa tumebeba kitabu cha Aniceti Kitereza, mwandishi wa hukohuko Ukerewe, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee huyo alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kikakaa bila kuchapishwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya themanini, naye akafariki mwaka 1981. Ni kitabu kinene, na kila mwanandoa angepaswa kukisoma. Humo mke na mume hawajapata mtoto, ndugu wa mume wanasema maneno mabaya, wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume hakuoa mwingine. Alimfuata mke wake kwa wakwe, akaambiwa alete pombe ya ndizi kama faini, akarudi kuitengeneza. Sehemu kubwa ya kitabu ni mtu kutembea njiani, kumenya, kukamua na kusubiri, kwa sababu anamtaka mke wake arudi.

Tulikuwa tukisoma kwa zamu. Baba watoto alifika mahali mume anapojiandaa kwa safari, akafunga kitabu. Akasema mdogo wake alikuwa anapenda ndizi mbivu za Bukoba, na kwamba alimwahidi kumletea mkungu. Akasema jina lake. Hatukuwa tumewahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Kisha akasimulia mambo yote, jinsi alivyosimama bandarini tangu asubuhi, jinsi alivyoambiwa aje kesho, jinsi alivyokwenda Igoma bila kujua asimame mbele ya kaburi lipi. Aliongea mpaka mwezi ukawa umehamia upande wa pili wa paa. Sisi hatukusema neno, ila tulimshika mkono, kwa maana hapakuwa na neno. Nyumbani kwetu habari hizo zisingetoka. Ingelia simu, angebisha mtu, lingechemka chungu, nasi wenyewe tungeinuka kulitazama.

Mama mmoja tuliyemsimulia alituuliza, "Na kama tukienda na asiseme kitu?" Ni swali la haki. Mtakuwa mmekula sato, mmelala usingizi wa kutosha na mmetazama ziwa pamoja. Si lazima kila mume awe na kaburi la kusimulia. Wengine hulala siku zote mbili kama waliopigwa sindano, na hilo nalo ni jibu, maana linakuonyesha alivyokuwa amechoka.

Sasa mambo machache ya kiuuguzi, kwa wanaokusudia kwenda. Vidonge vya presha au sukari viwekwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi, na visirukwe kwa kisingizio cha mapumziko. Chandarua ulizieni kabla ya kulipia chumba, kwa kuwa vuli ni mvua na mvua ni mbu, na hasa mama mjamzito asilale hata usiku mmoja bila hicho. Ziwa linatamanisha, lakini maji ya ufukweni yenye majani na konokono yana kichocho, na kichocho cha tumbo kimeenea sana kandokando ya ziwa letu. Mdudu wake hupenya kwenye ngozi nzima, hahitaji kidonda. Msiogelee hapo, wala msioshe miguu. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yachemsheni kwanza yapoe, au yakae ndani ya chombo siku mbili ndipo myatumie. Aliyekwisha kuingia majini miaka mingi, na hao ni wengi wetu, akapime. Dawa ipo, humezwa siku moja, na huzuia ini na bandama kuharibika. Na ninyi ambao bado mna umri wa kuzaa, ile njia yenu ya uzazi wa mpango msiisahau nyumbani, la sivyo Agosti mtakuwa na mgeni.

Watoto wetu walibaki na shangazi yao, ambaye tulimlipa kwa kumkalia wa kwake wikiendi iliyofuata. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na hakuna sababu ya kukwama, maana akina mama wawili wanaoaminiana waweza kupeana zamu mwaka mzima bila shilingi.

Kwa yule ambaye kweli hawezi kulala nje, awe na mgonjwa nyumbani au mtoto anayenyonya, kipo kisiwa cha Saanane, dakika chache tu kwa boti kutoka mjini Mwanza. Kimepewa jina la mzee aliyeishi hapo, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Kuna pimbi, pundamilia, na mawe ya kukalia chini ya miti. Nendeni siku ya kazi, si Jumapili wala sikukuu. Bebeni maji ya kunywa, viazi vya kuchemsha na kanga ya kutandika, na simu yenye kikundi cha vikoba iacheni kwa dada wa nyumbani.